Hesabu Kamili ya Sajini Wanyera

Sajini Yekosofati Wanyera hajawahi kupoteza mtu. Hilo atakuambia kabla hujakaa, kabla hujaulizwa kama utakunywa chai, na ukikaa kiti kibaya atakuambia tena. Miaka thelathini na moja katika magereza, akihesabu wafungwa asubuhi na jioni, na hakuna siku aliyofunga kitabu hesabu ikiwa pungufu. Kitu pekee alichowahi kupoteza ni miwani yake ya kusomea, na hiyo huwa iko juu ya kipara chake, inamsubiri.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa mtaa wake, Nalufenya, wanazisimulia vibaya. Mmoja anasema wageni walikuja kuiba damu ya wazee, mwingine anasema ilikuwa ukabila, mwingine anasema mimi ndiye niliyeharibu mambo. Huyo wa mwisho hajakosea sana, lakini tutafika huko.

Gerezani, kwa jinsi anavyoeleza, hesabu ikipungua mtu mmoja hakuna anayekula na hakuna anayekwenda nyumbani. Mnahesabu tena. Ikipungua tena, mnahesabu tena, mpaka bwana mkubwa asikie yale maneno mawili anayotaka kusikia: "Hesabu kamili." Ndiyo kazi iliyomlea Wanyera. Alipostaafu alihamia Nalufenya, mjini Jinja, akaanza kuhesabu kuku.

Mkewe ni Juliet, ila mtu akimwita hivyo hageuki. Ni Mama Jude. Yeye ni Mteso wa wilaya ya Kumi, mume ni Mgisu wa juu ya Mbale. Mama hakujua Lugisu, mzee hakujua Kiteso, basi wakachumbiana kwa Kiswahili cha kambi za magereza, wakagombana kwa Kiswahili hicho hicho, wakamlea Jude kwa hicho hicho. Jude sasa yuko Dubai na hapigi simu kwa lugha yoyote.

Mambo yalianza na chumvi. Mama Jude aliitia kwenye mchuzi, akaweka kijiko chini, akaitia tena. Kisha akaitia kwenye chai. Kisha akaanza kusimama mlangoni saa kumi jioni akimngojea Jude atoke shule. Siku moja aliondoka kwenda sokoni na kikapu, akarudishwa na mwendesha boda aliyemkuta karibu na daraja la Nile, ameketi juu ya kikapu, anauliza njia ya kwenda Kumi. Wanyera alimlipa yule kijana, akamshika mkewe mkono, akaingia ndani. Majirani wanasema hakutoka siku mbili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hesabu ilikuwa imepungua, na hakujua ahesabu tena kuanzia wapi.

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Nikisema "sisi" namaanisha mradi wa Daktari Isabirye, ambao ofisi yake ni nyumba ya kupanga huko Nkoma, Mbale, yenye vyumba vinne, kompyuta tatu na jenereta moja yenye hasira. Daktari ndiye kichwa. Sista Nusifa, muuguzi, ndiye anayewapima wazee. Mimi nilikuwa natoa namba kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta, kazi inayomfaa mtu aliyesoma diploma ya maabara akaiacha katikati, au diploma ikamwacha yeye.

Tulichokuwa tunatafuta ni hiki. Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande, kuna kipande kidogo cha ubongo kinachoitwa hipokampasi. Ndicho kinachopokea mambo mapya na kuyapangia mahali: jina la mgeni, ulipoweka funguo, ulichokula jana. Mtu akizeeka kinasinyaa. Kwa panya, anasema Daktari, wakikimbia sana kwenye gurudumu lao, seli mpya za neva huota pale. Kwa binadamu wazee, wataalamu bado wanabishana kama zinaota au haziwezi. Ubishi huo ndio uliokuwa unatulisha.

Basi tukakusanya wazee Jinja na Mbale, wengi wao askari na wafanyakazi wastaafu pamoja na wake zao. Katika kila mji, kundi moja linatembea saa nzima kila asubuhi siku tano kwa wiki, kundi jingine linakaa kwenye viti na kunyoosha viungo. Mwanzoni kila mmoja anapigwa picha ya kichwa kwenye ile mashine kubwa huko Kampala. Kila mwaka anapimwa kwa maneno. Na mwishoni anapigwa picha ya pili, tuone kama hicho kipande kimeongezeka au kimepungua. Ila ruzuku tuliyopewa ilikuwa ya miaka miwili, na picha za pili zilikuwa mwaka wa tatu. Bila wafadhili kukubali kuendelea, hakuna picha.

Siku ya mkutano wa kwanza Daktari alieleza yote hayo, akauliza kama kuna swali. Wanyera alisimama wima.

"Daktari, hiyo kipande ya ubongo. Mlango yake nani analinda?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu mpaka Daktari akasema hakuna anayelinda, mzee, na Wanyera akaketi huku akitikisa kichwa kama mtu aliyekuta geti la gereza liko wazi.

Picha ya kwanza ya Mama Jude, Wanyera alipewa nakala. Aliomba aonyeshwe mahali penyewe, Daktari akaonyesha kwa ncha ya kalamu, na Wanyera akapaweka nukta ya wino. Bahasha ile ya kaki aliilaza chini ya godoro. Mgeni akija anaitoa, anaiinua dirishani kwenye mwanga, anasema, "Unaona hapa? Hapa ndiyo Jude yuko. Mwaka ya tatu watapiga ingine, tuone kama nafasi imeongezeka." Hakuwa na shida nyingine na mradi wetu. Sabuni tuliyowagawia aliwapa majirani. Alitaka hiyo picha ya pili.

Sasa kipimo cha maneno. Sista Nusifa anasoma maneno kumi na tano polepole, kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo wazee wa kambini wote wanaijua. Akimaliza, mzee anarudisha anayoyakumbuka. Jembe, chumvi, daraja, kengele, pua, mkeka, ng'ombe, dirisha, kofia, mvua, sindano, njugu, shati, redio, mlima. Mwaka wa kwanza Mama Jude alirudisha manne. Jembe, chumvi, mvua, na pua, ambayo aliishika kwanza kwa kidole ndipo akaitaja.

Wanyera alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba. Sista alipotoka akamwambia kwa upole, "Amepata manne, Afande, amejitahidi."  Nilimwona mzee akitoa kitabu cheusi mfukoni, kile walichokuwa wakiandikia matukio ya zamu, akaandika. Nilidhani anaandika tarehe ya kurudi. Alikuwa anaandika maneno kumi na tano, yote, kwa mpangilio wake, kwa sababu kichwa cha Wanyera hakina kasoro hata kidogo. Chini yake aliandika: kumi na moja wametoroka.

Mwaka ukapita. Kwa kawaida kipimo cha pili hutumia orodha nyingine ya maneno. Yetu ilikuwepo, ila fungu la kuitafsiri na kuijaribu lilikatwa, na kibali chake kilikuwa kimelala kwenye meza ya mtu fulani. Daktari akasema hakuna shida, nani atakumbuka maneno ya mwaka jana? Hawa ni watu wanaosahau. Tutumie ile ile.

Fomu za Jinja zikafika Nkoma. Nilianza kuingiza. Mzee wa kwanza, kumi na nne. Wa pili, kumi na tano. Wa tatu, kumi na tano. Nikadhani nimeshika safu mbaya. Mama Jude: kumi na tano. Mwaka jana kundi la watembeaji wa Jinja lilikuwa na wastani wa sita. Mwaka huu, watu ishirini na wawili, wastani kumi na nne na kidogo. Kundi la Mbale lilitoka sita likaenda saba, kama binadamu.

Hata mtu wa nusu diploma anajua namba zikinuka. Ila Daktari alipoziona alinyanyuka, akazunguka meza, akanishika mabega. Alikuwa amekonda mwaka ule, maana barua za wafadhili zilikuwa zinakuja fupi zaidi kila mara. "Chora grafu," aliniambia. "Chora sasa hivi." Nikachora. Ule mstari wa Jinja ulipanda kama ngazi ya kwenda mbinguni, na jioni ile ile ukatumwa ndani ya ombi la kuendelezewa ruzuku.

Wiki iliyofuata nilitumwa Jinja kuchukua fomu zilizobaki. Nilifika Nalufenya saa moja asubuhi, na kabla sijashuka kwenye boda niliwasikia. Wazee ishirini na wawili, mistari miwili, na Wanyera pembeni na fimbo kwapani.

"Kushoto, kulia! Jembe!"

"Chumvi!" wakaitikia.

"Daraja!"

"Kengele!"

Walikuwa wanaenda vizuri, lazima niseme. Kuna bibi mmoja wa miaka sabini na nne aliyerusha mkono kwenye "sindano" mpaka nikataka kumpigia saluti. Mama Jude alikuwa mstari wa mbele, macho mbele, mdomo unafuata miguu. 

"Kuruta!" Wanyera aliniona. Ndivyo anavyoniita. "Unakuja saa hii? Wanaume wameshatembea nusu saa."

"Afande, huu wimbo mnaimba tangu lini?"

"Tangu ile siku mama alipata nne."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Jumamosi nafanya ukaguzi. Jumapili ni ya Mungu."

"Afande, ule ni mtihani. Haufundishwi."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe ulisoma chuo?"

"Nilisoma."

"Mwalimu alikufundisha kabla ya mtihani ama baada ya mtihani?"

"Kabla."

"Basi." Akapuliza filimbi, mistari ikageuka. Kisha akaongeza bila kunitazama, "Na bado ukafeli."

Nilimvuta pembeni. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba hatupimi kama wanayajua hayo maneno, tunapima kama ile sehemu ya ubongo inashika jambo jipya. Kwamba namba zimekuwa za uongo. Mwanzoni alibisha, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kama mama angepata nne tena, si mngemtoa?"

"Kumtoa wapi?"

"Kwenye mradi. Kwenye picha. Mfungwa mgonjwa asiyefanya kazi anaondolewa kwenye orodha ya kazi."

"Hapana, Afande! Hatoki mtu kwa kupata nne. Akipata nne ndiyo tunamtaka zaidi."

Aliitazama mistari yote miwili ikipita. "Hakuna mtu aliniambia," alisema.

Na ni kweli. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa tisa. Ilieleza mashine ya picha, damu, siri, haki ya kujitoa. Hakuna mahali iliposema: ukisahau, si kosa lako. Nani angefikiri kuna mtu anayehitaji kuambiwa hivyo?

"Nani anajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi funga mdomo mpaka mama apate picha."

Nikafunga. Sitajipamba hapa. Ombi lilikuwa limeshakwenda, mshahara wangu ulikuwa ndani yake, na wa Sista, na wa mlinzi wa Nkoma mwenye watoto saba.  Nilikuwa nafungua ile grafu, naifunga, naifungua. Nilijaribu kufanya utani ofisini, watu wakaniuliza kama naumwa.

Kisha ikaja barua: wafadhili watamtuma mkaguzi mmoja kutembelea Mbale na Jinja kabla ya kuamua. Tukaambiana kwamba atakuwa Mzungu. Nikapumua kidogo, maana Mzungu angesikia wimbo, apige makofi, apige na picha. Hata hivyo Wanyera aliupiga wimbo marufuku. Wiki mbili wazee walitembea kimya, lakini midomo yao ilikuwa inacheza, ishirini na wawili kwa pamoja, kama watu wanaosali.

Mkaguzi akashuka kwenye gari pale Nkoma. Alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, Daktari Zulaika, mzaliwa wa Mombasa. Alitusalimu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, sisi wote tukaona aibu ya kufungua vinywa.

Mbale alimaliza kwa siku moja. Alikwenda kuwaona wazee wa mtaa wa Industrial Division, akawauliza maswali, akaandika, akaridhika. Kesho yake tukashika barabara ya Jinja, yeye na Daktari Isabirye mbele, mimi na Sista Nusifa nyuma. Tulipofika Iganga, Jinja ikiwa karibu, nilishindwa kunyamaza. Nilimnong'oneza Sista kila kitu.

Aliziba mdomo. "Ya Rabi." Kisha akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. "Unaniambia sasa? Tumeshafika Iganga! Ungeniambia Mbale ningeumwa, ningelazwa!"

"Nifanye nini?"

"Nyamaza. Nafikiri." Hakufikiria kitu. Alihesabu tasbihi mpaka Jinja.

Wazee walikuwa wameshakaa kwenye ukumbi wa kanisa tunaokodi, nguo za Jumapili, mikono magotini. Wanyera alikuwa mlangoni na kofia yake ya zamani ya kazi, ameifumua beji lakini imepigwa brashi. Daktari Zulaika alisema angependa kuona kipimo kikifanywa mbele yake, mzee mmoja tu anatosha. Akachomoa jalada moja katikati ya rundo. Namba kumi na moja. Mama Jude.

"Na mkiniruhusu," alisema, "nitayasoma mwenyewe."

Mama Jude aliketishwa kiti cha mbele. Mgeni akainama. "Shikamoo, mama."

"Jambo," akajibu Mama Jude, maana huku kwetu shikamoo ni ya redioni.

Mgeni akatabasamu. Karatasi ya maneno ilikuwa mkononi mwake, bado imekunjwa. "Mama yangu, nitakusomea maneno machache, halafu wewe..."

Mama Jude alisimama. Visigino pamoja, mikono imenyooka mapajani. Mguu wa kushoto ukaanza kupiga sakafu.

"Jembe! Chumvi! Daraja! Kengele! Pua! Mkeka! Ng'ombe! Dirisha! Kofia! Mvua! Sindano! Njugu! Shati! Redio! Mlima!"

Kiti kilianguka nyuma yake. Nyuma kwenye ukumbi kuna mzee aliyeitikia "chumvi" bila kujizuia, mkewe akampiga kiwiko.

"Sijasoma hata neno moja," alisema Daktari Zulaika taratibu.

Nilimtazama Daktari Isabirye. Nilidhani ameelewa. Wapi! Uso wake ulikuwa unang'aa. "Umeona?" alisema. "Ameyaweka tangu kipimo kilichopita! Mtu asiyekumbuka chai ya asubuhi! Miezi yote hii, ameyaweka!"

Mgeni alimtazama, akamtazama Mama Jude, akatoa kalamu. Akaanza kuandika. Aliandika mstari wa kwanza, wa pili. Nilielewa tunashinda. Mtu asiposema kitu kwa dakika moja zaidi, ruzuku imepatikana, na Wanyera amepata picha yake. Sista Nusifa alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama kalamu.

Mama Jude hakuwa ameketi. Alimgeukia mumewe pale mlangoni, mikono bado imenyooka, kidevu juu, macho yana hofu.

"Afande," alisema, "hesabu imetimia? Naweza kwenda?"

Miaka thelathini na minane amemwita Baba Jude. Akikasirika alimwita Wanyera. Afande tulimwita sisi wageni, na kabla yetu wafungwa.

Mzee alivua kofia. Alitembea mpaka mbele, akasimama hatua tatu kutoka kwa mgeni, kama anavyosimama askari mwenye kesi.

"Daktari mgeni, naomba kutoa ripoti."

"Karibu, baba."

"Hiyo maneno si ya kichwa yake. Ni ya mimi. Nilisikia kwa mlango, nikaandika, nikawafundisha kwa gwaride, wote ishirini na wawili. Wao wasiadhibiwe, walifuata amri. Hesabu ya ukweli ya huyu mama ilikuwa nne. Hizi kumi na moja nilirudisha mimi."

Kalamu ilisimama. Daktari Isabirye alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Kuna mwingine aliyejua?" aliuliza mgeni.

"Hakuna," alisema Wanyera, upesi, na macho yake hayakunigusa.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. "Mimi nilijua." Ilikuwa sentensi yangu fupi kuliko zote tangu nizaliwe.

Wanyera alimwendea mkewe, akakiinua kile kiti, akamketisha. "Kaa, Mama Jude," alisema. "Hakuna hesabu leo."

Baadaye tulikunywa chai kwenye baraza ya kanisa, kama watu wa msibani. Wanyera alimsogelea Daktari Zulaika na kikombe ambacho hakukinywa.

"Naomba kuuliza. Mama hakumbuki kama amekula. Lakini hii maneno ameshika. Si hiyo ni ile seli kuota?"

Yule mama aliweka kikombe chake chini. "Baba, ningependa sana kukuambia ndiyo. Lakini kitu unachokiimba kila siku, kwa miguu na mdomo, kwa kiasi kikubwa kinashikwa na sehemu nyingine za ubongo. Hii tunayoipima ni ya jambo ulilolisikia mara moja likabaki."

"Kwa hiyo sijui kama imeota."

"Hujui. Nami sijui. Picha pengine ingetuonyesha, na hata picha isingetuambia yote."

Wiki tano tulingoja barua. Daktari hakunifukuza. Alisema angenifukuza ila hakuna mwingine anayejua mafaili yamehifadhiwa wapi, na nikamshukuru Mungu kwa fujo yangu. Kila simu ikilia Nkoma, vyumba vyote vinne vilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba yote yamekwisha.

Hayakwisha yote. Mbale itaendelea, miaka mitatu, kwa masharti ya orodha mpya kila mwaka na mtu wa kuwaeleza wazee kwa mdomo kwamba kusahau si kosa. Barua ilisema wazi kwamba kama jambo la Jinja lingegunduliwa baadaye, bila wahusika wenyewe kulisema, mradi mzima ungefungwa. Namba za Jinja za mwaka wa pili zinafutwa. Kundi la Jinja linaondolewa.

Mimi na Sista Nusifa tulikwenda kumwambia Wanyera. Alitupokea amesimama. Sista alieleza vizuri, kwa maneno laini, kuhusu masharti, kuhusu Mbale, kuhusu shukrani za Daktari. Mzee alisubiri amalize.

"Picha?"

"Hakuna picha, Afande," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Aliingia ndani, tukasikia godoro likiinuliwa, kisha likishushwa. Alirudi mikono mitupu, akatuuliza kama tutakunywa chai.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi Jinja, nikapita Nalufenya asubuhi. Bado wanatembea. Wamebaki kumi na wanne, wengine walikuwa wanafuata sabuni. Hakuna wimbo tena, wanapiga umbea njia nzima. Wanyera na mkewe walikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, wamerudi, jasho linawatoka.

"Kuruta, kaa. Nyamaza. Kuna kazi." Akamgeukia. "Mama Jude. Kabla ya kutoka nilikuambia maneno tatu. Ilikuwa nini?"

Mama alifikiri. Alitazama viatu vyake, akatazama barabara.

"Mbuzi," alisema.

"Ndiyo. Na nini?"

"Na ulisema nivae sweta, kuna baridi."

"Hiyo haikuwa kwenye orodha."

"Lakini ulisema."

"Nilisema," alikubali.

Akasubiri kidogo zaidi, hakumsaidia, wala hakuanza kwa herufi ya kwanza kama wanavyofanya watu. Kisha akafungua kitabu cheusi. Nilichungulia. Kila siku ilikuwa na mstari wake na maneno yake matatu, hakuna yanayojirudia. Mstari wa leo: sufuria, mbuzi, barua. Alilamba ncha ya penseli, akaandika pembeni: watatu waliingia, mmoja amerudi.

"Hesabu pungufu, Afande," nikasema. Mdomo wangu huu.

"Pungufu," alisema Wanyera, akaweka sahihi.